Matonya Yupi?

Mwaka 1997 nilihamia Dar es Salaam kusoma, nikakaa kwa baba mdogo, Temeke. Siku ya kwanza darasani mwalimu akawa anaita majina, na alipofika kwangu akasita. Akainua macho kwenye daftari la mahudhurio. "Matonya?" Nikasimama. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimeshuka kwenye basi juzi yake tu, na shati langu jeupe lilikuwa bado na ile rangi ya vumbi la Dodoma ambayo haitoki hata uloweke kutwa. Nyuma yangu mtu akasema, si kwa sauti kubwa lakini wote walimsikia: "Kopo kaliacha wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye kicheko kilimponyoka, akakigeuza kikohozi.

Jioni mama mdogo ndiye aliyenifafanulia, huku anachambua mchicha na haniangalii usoni. Kuna mzee, akasema, anatoka huko huko kwenu, anaomba barabarani, mji mzima unamjua, anaitwa Matonya. "Usiwajali mwanangu, watazoea." Hawakuzoea. Kwa miaka miwili na kitu nilikuwa nakuta sarafu za shilingi kumi juu ya dawati langu, na siku moja nikakuta kopo la maziwa ya unga, limetobolewa vizuri pande mbili na kutiwa kamba ya kushikia. Aliyelitengeneza alijipa kazi kweli kweli.

Nyinyi mliozaliwa juzi huenda hamumjui. Matonya alikuwa ombaomba maarufu kuliko wote nchini, na sitanii. Alikuwa na staili yake. Hakuwafuata watu wala hakuimba. Alilala chali kando ya barabara, mkono mmoja ameuinua juu, kopo mkononi, basi. Mkuu wa mkoa wa wakati huo, Yusuf Makamba, alipoamua kuwarudisha ombaomba makwao, Matonya ndiye aliyetajwa kuliko wenzake wote. Vijiweni wakatunga kisa kwamba alisindikizwa hadi Dodoma, na waliomsindikiza waliporudi Dar wakamkuta yuko pale pale, chali, kopo juu. Kisa hicho nimesimuliwa na watu wasiopungua ishirini, kila mmoja akidhani mimi ndiye nitakayekifurahia zaidi.

Nilimwona mara moja tu, kupitia dirisha la daladala lililokwama kwenye foleni. Nilichokitazama ni ule mkono. Jaribuni siku moja kulala chali mkainua mkono na kopo, mhesabu dakika mtakazoweza. Ule haukutikisika. Foleni ikasogea, nami nikafanya jambo ambalo sijapenda kulisema mpaka leo: nikashusha kichwa chini ya kiti cha mbele, kana kwamba angeniona na kuniita kwa jina.

Sasa jina lenyewe. Kwa Kigogo, kutonya ni kunyesha. Basi. Hakuna kopo humo ndani. Babu yangu alipewa jina hilo kwa sababu alizaliwa mvua iliporudi baada ya Mtunya, ile njaa ya mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia ambayo wazee wa Ugogo walikuwa wakiitaja kwa kushusha sauti. Majeshi yalipita huku, Wajerumani kwanza na Waingereza baadaye, yakabeba nafaka, yakabeba ng'ombe, yakabeba na wanaume wa kwenda kuchukua mizigo. Mvua nayo ikakata. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, takriban milimita 570 kwa mwaka mzima, na ukiukosa msimu huo hakuna mwingine wa kufidia. Kwa hiyo mtoto kuitwa Matonya mwaka ule ilikuwa kama kutangaza kwamba watu watakula. Na huyo mzee wa barabarani naye, kabla ya kopo, aliitwa hivyo kwa sababu hiyo hiyo ya mvua. Watu wa mvua wawili, na nchi nzima ikacheka.

Halafu, katikati ya miaka ya 2000, akaja Matonya wa pili. Huyu ni kijana wa Tanga, jina lake la kuzaliwa Seif Shabani, akaimba Bongo Fleva nyimbo za mapenzi zikapigwa kila saluni na kila basi. Nilikuwa nimeshamaliza shule. Ghafla nikijitambulisha mahali, wasichana wanatabasamu kwa namna nyingine kabisa. Dada mmoja wa duka la vocha alinitaka nimwimbie kipande ndipo anipe chenji. Sikumwimbia, maana sauti yangu mimi ni ya kuitia ng'ombe, ila nilitoka pale dukani nimenyooka mgongo. Mtu asiyekuwa hata Mgogo alikuwa amenifulia jina, na hajui kama nipo.

Tangu hapo nimekuwa na ugonjwa wa kuwafuatilia wajina. Hilo ndilo neno letu, wajina. Pwani husema pia somo. Ni neno la kirafiki sana. Wajina wangu ukikutana naye unatakiwa umchangamkie, umtanie, ikibidi umnunulie soda. Lakini wakiwa wakubwa wawili wenye jina moja, nimeona watu hawawaachi hivyo. Lazima mmoja afungwe mkia: lakabu, kijiji, jina la baba, chochote cha kumtenga na mwenzake. Na sisi wadogo, ambao hakuna anayehangaika kututenga na yeyote, tunatembea na mkia wa mkubwa.

Chukua Job. Dodoma ya leo ukimwambia bodaboda "nipeleke Job," atakupeleka Nzuguni, Soko Kuu la Job Ndugai, na hatauliza swali. Ndugai alikuwa mbunge wa Kongwa, akawa Spika kuanzia 2015 hadi alipojiuzulu Januari 2022, na alifariki Agosti 2025. Lakini kaa na baba yangu mzazi umtajie Job. Kwake yeye Job ni Lusinde, waziri wa Mwalimu tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, baadaye balozi. Nimewahi kumsikia akibishana na redio. Mtangazaji anasema "Spika Job," mzee anaijibu, "Job gani tena?" kama vile jina lilishatolewa na halina nakala. Wote wawili ni Wagogo, wote Job, siyo Ayubu kama Biblia ya Kiswahili inavyosema. Wamisionari wa Kianglikana walifika mapema huku, Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na majina ya namna hiyo yakaota kama mlenda baada ya mvua.

Hadithi ya jina Lusinde nayo haijaishia hapo. Kuna Livingstone Lusinde wa Mtera, ambaye ukisema Lusinde vijana wanamaliza: Kibajaji. Mwaka 2010, kwenye kura za maoni za CCM jimbo la Mtera, Kibajaji alimshinda Mzee John Malecela, Waziri Mkuu wa 1990 hadi 1994. Na Mzee Malecela lakabu yake ilikuwa ipi? Tingatinga. Sijui kama kuna nchi nyingine ambayo bajaji imeligonga tingatinga na tingatinga ndilo likapinduka. Wiki ile Dodoma watu hawakuhitaji katuni. Na hilo Tingatinga la mzee lilikuwa la mashine, la kusukuma vifusi. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyezaa ile michoro ya rangi za kung'aa inayouzwa kwa watalii mpaka leo, lilikuwa jina lake halisi. Yeye alikufa mwaka 1972, na sasa watalii wananunua "tingatinga" bila kujua kwamba ni mtu.

Huyo tayari ni Edward mmoja. Wawili waliobaki ni wazito zaidi. Edward Sokoine na Edward Lowassa, wote wa Monduli, wote mawaziri wakuu. Ukiandika hivyo kwenye karatasi unaweza kudhani tutawachanganya kila siku, lakini sijawahi kumsikia mtu akiwachanganya. Sokoine hana haja ya Edward. Ni Sokoine tu, kama chumvi ni chumvi. Tarehe 12 Aprili 1984 alitoka bungeni hapa Dodoma kwa gari kurudi Dar es Salaam, akafia ajalini Dakawa, Morogoro. Baba yangu basi likipita Dakawa hukatisha mazungumzo, hata awe katikati ya neno, mpaka tuvuke. Lowassa yeye alijiuzulu Februari 2008, humu humu Dodoma, kwa sakata la Richmond, ile kampuni ya umeme, na hakuna abiria anayenyamaza popote kwa ajili ya hilo; wanabishana tu. Jina moja la kwanza, wilaya moja, cheo kimoja, na bado nchi imewaweka kwenye vyumba viwili ambavyo havina hata mlango kati yake.

Aliyempokea Lowassa ni Mizengo Pinda. Huyu ametuletea Dodoma mkanganyiko wa herufi moja, maana sisi tulikuwa na Mazengo wetu, mtemi wa Mvumi, na sekondari kubwa iliyobeba jina lake, ambayo majengo yake tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha St John's. Pinda ni mtu wa Katavi, lakini shamba lake liko Zuzu, hapa hapa. Siku moja kwenye daladala ya mtaa wa Kikuyu kijana alimweleza mwenzake, kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo, kwamba pale St John's palikuwa shule ya Pinda. Nilifungua mdomo nimsahihishe. Konda akasema tushushane haraka, nikashuka.

Zanzibar wamelitatua tatizo kwa hesabu. Rais wa kwanza alikuwa Abeid Amani Karume, aliyeuawa Aprili 1972. Mwanawe aliyekuja kuwa rais kuanzia 2000 hadi 2010 ni Amani Abeid Karume. Majina ni yale yale matatu, yamegeuzwa tu kama shati. Jina lako, la baba, la babu au ukoo. Mtoto akirithishwa jina la babu, gurudumu linazunguka linarudi pale pale. Ndiyo maana Salim Ahmed Salim anaanza na kuishia na jina moja. Huu utaratibu wageni unawashinda. Rais Samia alipoapishwa mwaka 2021, vyombo vya habari vya nje vilimwita "Rais Hassan", kwa kuwa kwao jina la mwisho ndilo la mtu. Kijiweni kwetu palikuwa na mzee aliyeuliza kwa dhati kabisa: huyo Hassan ni nani na ameapishwa lini?

Kwenye mpira ndiko nakoona kazi safi zaidi. Mohamed Hussein mmoja alikuwa mshambuliaji wa Yanga, Mmachinga, mabao 26 msimu wa 1999, idadi ambayo kila mfungaji anayeanza vizuri hutishiwa nayo. Mohamed Hussein mwingine ni beki wa kushoto aliyekuwa nahodha wa Simba, Tshabalala. Hebu tazama. Mmoja amefungwa mkia wa Kariakoo, mwingine mkia wa Afrika Kusini, na baba zao waliowapa majina hata hawatajwi.

Wabrazili nao, nilielezwa na fundi wangu wa pikipiki ambaye ni kamusi ya mambo haya, walikuwa na Ronaldo mkubwa wakamwita Ronaldão. Yule Ronaldo de Lima tunayemjua, aliyekwenda Kombe la Dunia la 1994 akiwa na miaka 17, akawa Ronaldinho, yaani mdogo. Kwenye Olimpiki ya 1996 jezi yake iliandikwa Ronaldinho, kwani kulikuwa na Ronaldo Guiaro aliyemzidi umri. Baadaye akaja Ronaldinho mwingine, ikabidi waseme Gaúcho. Na baada yao wote Mreno Cristiano akalichukua jina lenyewe, na watoto wa leo ukiwaambia Ronaldo alikuwa Mbrazili wanakuonea huruma. Fundi akaniuliza: sisi tungefanyaje? Nikamwambia tungesema Jijuma na Kijuma. Alicheka mpaka spana ikamdondoka.

Maana Juma ndiye kiboko. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, mshindi wa New York Marathon mwaka 1989. Juma Kaseja golini. Juma Nature kwenye muziki. Juma Mwapachu, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hakuna aliyewahi kumfunika mwenzake, nadhani kwa sababu wako wengi mno. Jina limekuwa kama maji, halichukui rangi ya yeyote. Kwenye simu yangu wako Juma Gesi, Juma Boda, Juma Maziwa, Juma Mkwe na mmoja niliyemwandika "Juma Usipokee". Ninawaonea wivu.

Lakini nilikuwa nasema habari za wajina wangu mimi. Wapo Matonya wa kawaida wengi, wala si wawili wale tu, na mmoja nimemfahamu kwa njia ya ajabu. Miaka michache iliyopita nilikwenda ofisi moja mjini, nisiyoitaja, kufuatilia malipo yangu yaliyochelewa. Dada wa dirishani akafungua faili, akanitazama, akatazama faili, akanitazama tena. "Mbona umepungua?" Kwenye faili palikuwa na picha ya mzee mnene mwenye kofia. Majina yote matatu, herufi kwa herufi, yalikuwa yangu. Hela zilikwenda kwake. Tarehe za kuzaliwa zilipishana miaka ishirini na mitatu, jambo ambalo hakuna aliyeona haja ya kulitazama.

Waliniambia nirudi baada ya wiki mbili. Nilirudi mara nne. Mara ya tano nikaomba namba ya mzee mwenyewe, nikampigia, na kabla sijamaliza kujitambulisha akapiga kelele: "Wajinaaa!" Alikuwa ameziona hela, akazishangaa, akaziacha kwenye akaunti bila kuzigusa kwa miezi minne, anangoja mwenyewe atokee. "Nilijua lazima kuna Matonya mwingine analia mahali," akaniambia.

Tulikutana soko la Majengo, ambako anauza zabibu. Ni mtu wa mwili kweli. Akanikalisha kwenye kreti, akanichagulia vishada vya zabibu nyeusi kimoja kimoja, anapuliza vumbi, anatoa zilizopasuka na kuzila mwenyewe. Nikamuuliza kama na yeye walimsumbua kwa kopo. Akanyamaza kidogo. Miaka hiyo, akasema, alikuwa kuli pale Kariakoo, na walikuwa wakimlipa ujira kwa kuudondosha ndani ya kopo wanachekelea. "Mimi nilikuwa nalitikisa kwanza, wasikie. Halafu nawaambia bado." Nikakumbuka nilivyokuwa nazisukuma zile sarafu za dawatini kwa kidole hadi zikaanguka chini. Yeye alizihesabu akazila.

Nilisoma mahali kwamba Winston Churchill, kabla hajawa yule Churchill, aligundua kuna Mmarekani mwandishi wa riwaya anayeitwa Winston Churchill, na wakati huo Mmarekani ndiye aliyekuwa na jina kubwa. Ilikuwa 1899. Akamwandikia barua ya adabu, akajibiwa kwa adabu, wakakubaliana Mwingereza awe anasaini vitabu vyake Winston Spencer Churchill. Nimewaza sana barua ile. Mimi ningemwandikia nani? Mzee wa barabarani hakuwa na anwani. Na ningemwambia nini, kwamba Mheshimiwa, naomba ubadilishe mkao? Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuniandikia, aniulize kwa nini niliinamisha kichwa siku ile.

Mzee wa zabibu kwenye simu yake ameniandika "Matonya Karatasi", kwa ajili ya lile faili. Mimi nimemwandika "Matonya Zabibu". Huo wa Karatasi ndio mkia wangu wa kwanza ambao ni wangu kabisa, na nimeupata nikiwa na ndevu.

Mwaka jana, Agosti, tulipata mtoto wa kiume. Nilimpeleka na mama yake kliniki, tukangoja kwenye benchi hadi zamu yetu ikafika. Muuguzi alikuwa binti mdogo, sidhani kama amefika miaka ishirini na mitano. "Jina la mwisho la mtoto?" Nikasema Matonya, na mwili mzima ukajiandaa kama ulivyojiandaa miaka yote: kwa kopo au kwa wimbo, lolote litakalotangulia. Hakuinua hata macho. Aliandika herufi zote, akaweka nukta, kisha akauliza, kama anayeuliza uzito:

"Alizaliwa mvua inanyesha?"

Nje upepo wa Agosti ulikuwa umebeba nusu ya Dodoma, huoni ng'ambo ya barabara.

"Hapana," nikamjibu. "Ni mvua ya babu yangu."

Akagonga muhuri, akanirudishia kadi, akaita anayefuata. "Baba Juma!"

Wakasimama wawili.